Ruhusa ya Mtu wa Mlangoni

Jumamosi moja ya Januari bomba la gesi lilipasuka chini ya mtaa wetu wa Columbia Heights, na watu wa zimamoto wakatutoa kwenye maghorofa yetu vile vile tulivyokuwa. Mimi nilichukua dawa za mama. Mama alichukua bahasha yake ya karatasi. Tangu tulipokimbia Kivu hajawahi kulala mbali na bahasha ile, na miaka yote ya Minnesota haijambadilisha. Basi likatupeleka kwenye ukumbi wa kanisa moja, tukae huko mpaka mtaa uwe salama.

Mlangoni alisimama jirani yetu wa ghorofa ya pili, aliyetangulia na gari lake, anawashikia wazee mlango. Ni Mzungu mpole, wa kusalimiana naye kwenye lifti. Siku hiyo alikuwa ameacha koti wazi, na kiunoni ana bastola. Watu walimpita kana kwamba amevaa mkanda tu. Mama akasimama.

Watu husema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mama hakuona unyasi. Kwetu, ukikimbia, njiani kuna bariere: kamba imekingama barabara, na mwenye bunduki amekaa kando. Unamwita chef, yaani mkubwa, hata kama ana umri wa mjukuu wako. Unainamisha macho, unatoa kitambulisho kwa mikono miwili, unangoja. Mama akafanya hivyo hivyo, miguu ndani ya theluji. Akatoa kadi yake ya ukaazi kwenye bahasha.

"Chef, sisi ni raia tu. Tunakimbia."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia, "Mama, huyu si askari. Ni jirani."

"Jirani mwenye bunduki ni askari. Nyamaza, utatuletea problème."

Ningemsamehe yule bwana kama angecheka. Aliipokea kadi! Akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akamrudishia na kumwashiria apite. Pengine aliona ndiyo adabu. Mimi nilimchukia papo hapo, na bado namchukia.

Ndani, mama alichagua kiti kinachomtazama. Alipobanwa na mkojo alimwendea kwanza, akaonyesha choo kwa kidole, akangoja. Yule bwana akaitikia kwa kichwa. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu hakungoja hata mama afike. Aliinua mkono toka mbali kumruhusu, kama anayeongoza magari. Nikaona amezoea. Saa tatu tu zilimtosha.

Nikaenda ofisini kwa mwanamke aliyesimamia ukumbi, nikamwomba amwambie jirani aiache bastola kwenye gari. Akanionea huruma, ile huruma yao ya kuinamisha shingo upande. Ana kibali, akasema. Na sheria ya jimbo hairuhusu serikali kumnyang'anya mtu silaha yake halali ati kwa sababu kuna maafa. Nikamjibu kwamba sitaki serikali imnyang'anye. Nataka kanisa, lenye nyumba, limwambie. Kanisa lingeweza, akakiri, lakini tangazo la kukataza silaha ni kazi ya kamati, na kamati haikutani Jumamosi. Akanifungulia sheria kwenye kompyuta nijisomee. Nikaisoma, mjinga mimi, neno kwa neno, nikitafuta mstari mmoja unaomhusu mama. Mwenye bunduki amelindwa asibaki bila bunduki yake. Aliyeikimbia bunduki hakutajwa popote.

Nilipotoka, jirani hakuwepo mlangoni. Alikuwa nje anavuta sigara. Mama alikuwa amesimama pale alipozoea kumwombea ruhusa, magoti yamebanana, kitenge kimelowa hadi kwenye soksi. Choo kilikuwa hatua sita kutoka kwake, na mlango wake uko wazi.

"Chef hakuwa hapa," akaninong'oneza. "Nilingoja."

Nikavua koti langu nikamfunga kiunoni, watu wasimwone. Nilikuwa nalia, kwa hasira zaidi kuliko huruma. Nikamshika mkono nimpeleke akaoge. Akagoma. Akaking'ang'ania kiti, macho yake kwenye mlango wa nje, mpaka yule bwana aliporudi ndani na kuinua mkono.