Nilimvua Jezi Ili Nisishindwe

Mimi ni mtu wa hovyo. Niache niseme mwenyewe kabla hujanisemea. Hapa Kolwezi wananiita kocha asiyeshindwa, na kila nikisikia hivyo natamani kutapika.

Nilikuwa kocha wa kwanza wa timu ya soka ya chuo kimoja hapa mjini. Misimu yangu yote hatukupoteza mechi. Unajua kwa nini? Wanafunzi wangu walikuwa wazito kama magunia! Waliokuwa wakikimbia ni wachimbaji wa kobalti, nikiwapa majina ya wanafunzi. Kabla ya mechi mwamuzi anaita majina, mchimbaji anaitika “présent”, basi, tayari ni mwanachuo. Mwenye jina lake yuko pembeni anakula karanga.

Hodari wao alikuwa Ilunga, mchimbaji kutoka Mutshatsha. Tulipocheza fainali kule Tenke, tukiwa mbele kwa bao lake, beki alimkanyaga mguu ukavunjika. Niliusikia!

Waandaaji wakaanza kuja. Wakigundua ni mchimbaji, tunanyang'anywa mechi, na rekodi yangu kwisha. Nikambeba hadi nyuma ya goli na kumvua jezi huku analia, nikamvisha yule mwanafunzi wa karanga, aonekane ndiye aliyekuwa akicheza. Loo! Hata mbwa wangeona aibu.

Hospitalini mama yake alinipigia magoti mbele ya waandaaji. Chuo kilikuwa kinawatibu wachezaji wake, naye alijua, akanisihi niwaambie madaktari ni wa timu yangu.

“Tata kocha, ambia banganga huyu ni mutoto ya équipe yako, bamutunze!”

“Mama, mi simuyue,” nikasema. “Ni supporter tu, aliingia mu terrain.”

Nilimwita shabiki aliyevamia uwanja, kwa mdomo huu huu ninaopokelea komunyo kanisani!

Kwa kukosa pesa, mama alimrudisha nyumbani, akafungwa mguu na mtu wa mtaani. Ukaunga ukiwa umepinda. Hawezi tena kushuka shimoni wala kukimbia. Mimi nilirudi na kombe, watu wakinibeba mabegani.

Majuzi chuo kilifanya sherehe. Wakasoma rekodi yangu kwa kipaza sauti: hajawahi kushindwa! Makofi. Nikasimama, nikapunga mkono. Shenzi kabisa mimi!

Nilipotoka getini nikamkuta Ilunga, anauza mafuta ya pikipiki kwa chupa. Nilijua atanitemea mate. Natamani angenitemea! Akanipongeza:

“Félicitations, tata kocha. Mudogo yangu anapiga ball muzuri kunipita. Umutwae mu équipe yako, umulinde.”

Nilitembea haraka nikiangalia chini, na tangu siku ile sijapita barabara ile, wala sijakanyaga uwanjani. Mpira niliokuwa naupenda sasa unanuka kwangu.

Makocha, nawaomba, kubalini kufungwa! Fungwa mabao hata kumi, urudi na vijana wako wazima. Na wewe mzazi, ukimsikia kocha anajisifu kwamba hajawahi kushindwa, muulize nani aliumia, kabla hujamkabidhi mwanao.