Mlango Upande wa Bahari

Hebu mwone Moza anavyoingia Pande. Mumewe Yahya yuko mbele na fimbo mkononi. Yeye yuko nyuma na kikapu kichwani, na kuku aliyepewa na mama yake anachungulia kwapani. Wametoka kwenye milima ya bara ya Kilwa, wamelala njiani, miguu imevimba. Njia nzima ameahidiwa bahari. Basi wanatokea mwisho wa minazi, Moza anatua kikapu, anatazama. Mbele yake ni tope, tope mpaka macho yanachoka, na wanawake wameinama humo kama wanaopalilia shamba.

"Yahya," akasema, "bahari yenyewe iko wapi?"

"Imetoka kidogo. Itarudi."

Wanawake wale walicheka mpaka matenga yakawaponyoka. Kwa miezi mingi kila aliyekutana naye kisimani alimwuliza, "Mtu wa milimani, bahari umeiona?" Naye hakuwa mtu wa kununa. Alijibu, "Nimeiacha jikoni inachemka."

Ndivyo alivyofika, na walimpenda. Lakini mwaka uliofuata Yahya alichukuliwa jeshini, Keya, akapelekwa Burma kupigana vita vya Waingereza. Vita vikaisha. Vijana wa Pande wakarudi, mmoja hana mguu, mwingine ana redio isiyosema. Yahya hakurudi. Mwenzake mmoja alileta habari kwamba yu mzima, yuko Nairobi, ana mke na mtoto huko. Angekuwa amekufa, Moza angekaa eda yake akaondoka. Lakini mume aliye hai, asiyetuma hata kanga na asiyetuma talaka, huyo ni kufuli lisilo na ufunguo.

Kadhi wa Kivinje alimsikiliza, akamwambia: ndoa hii naweza kuivunja, ila mzee wa upande wa mume aje asimame hapa aseme, mwanangu amemtelekeza mkewe. Mzee huyo ni Salumu, baba yake Yahya, na Mzee Salumu hakutaka.

Usimchukie haraka. Hakuwa mtu wa kelele wala wa kunyima chakula. Ila kusimama mbele ya kadhi na kutamka maneno yale ilikuwa sawa na kumzika mwanawe kwa kinywa chake. Halafu kulikuwa na wando. Wando ni ua wa fito uliochomekwa kwenye tope la bahari. Maji yakijaa samaki huingia, maji yakipwa hubaki ndani, mwenyewe akaja kuwaokota. Wando wa Mzee Salumu ulisimama kwa mikono ya Moza. Alikuwa amekua akisuka vihenge vya mahindi kwao milimani, na hakuna Pande nzima aliyefunga fito kama yeye. Kila siku maji yalipotoka alikuwa humo, anafunga kilichofunguka, mpaka Esha, jirani yake, mjane mwenye mdomo, akamwambia, "Shoga, ua huu hauwafungi samaki peke yao."

Sasa nikueleze habari ya miiba, maana bila hiyo hutaelewa yaliyotokea.

Mwaka wa kwanza tu Yahya alipoondoka, Esha alimwonyesha Moza alama mchangani, kama za mtu aliyeburuta gunia. Kasa alikuwa amepanda usiku kutaga, na alfajiri ile walimwona akirudi majini, gamba limemeguka nyuma. Zamani, Esha alisema, alama hizi zilijaa ufuo mzima. Siku hizi mbwa na kenge wanafukua mayai, na watu nao wanafukua, hata wanaokuja mara moja tu kwa mwaka kutoka vijiji vingine.

"Kwetu tukipanda karanga, kanga wanakuja kufukua," Moza akasema. "Tunaweka boma la miiba. Hapiti hata panya."

Akaweka boma. Alikata miiba msituni, akaisuka pande zote nne, ngumu, kama alivyofundishwa na baba yake. Mbwa alikuja akarudi. Kenge alikuja akarudi. Moza akawa anapita kila asubuhi kulitazama, na hiyo ndiyo ikawa furaha yake pekee. Halafu asubuhi moja, jua limeshapanda, akakuta mayai yameanguliwa. Vitoto vya kasa, kila kimoja kama kiganja cha mtoto, vimerundikana kwenye miiba upande wa bahari. Vilikuwa vimesukuma mpaka jua likavikausha. Vilivyobaki hai vilijaa kikapu kimoja.

Siku hiyo hakuna aliyecheka. Mwanaima, mama mkwe wake, alichutama kando yake mchangani.

"Umewalinda vizuri, mwanangu," akasema. "Umesahau tu kwamba wana safari."

Tangu hapo wanawake wa Pande walipatana wenyewe kwa wenyewe, bila baraza. Kiota chenye miiba hakiguswi. Na siku za kuangua zikikaribia, miiba ya upande wa bahari inaondolewa. Ni hayo tu. Kazi ya mikono miwili na panga butu.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi ya bamvua, maji yametoka mbali, na ndani ya wando amenasa kasa mkubwa, jike, amevunja fito za upande mmoja akachoka. Mzee Salumu na wanaume wawili wakamgeuza chali, kwa maana kasa akiwa chali hana ujanja, akabaki anapiga hewa kwa mapezi yake. Wanaume wale walikuwa na safari ya shamba, wakaenda zao. Mzee akamtazama kasa, akamtazama Moza.

"Nakwenda kijiji cha pili kuwaita wanunuzi na watu wa kumbeba," akasema. "Nitarudi kabla maji hayajajaa. Mlinde. Mmwagie maji, jua lisimuue." Akatazama pembeni. "Ukinitunzia huyu, Moza, wiki ijayo nakupeleka Kivinje. Nitasema anachotaka kadhi."

Moza alidhani amesikia vibaya. "Baba?"

"Umesikia. Mimi nimezeeka. Umekuwa mtoto mwema."

Akaondoka, akiinua kanzu yake isiguse tope.

Moza alimmwagia kasa maji kwa kifuu. Alimfunika kwa mwani. Ningekuambia alifikiri mengi, lakini hakufikiri lolote ila njia ya kwao, kona kwa kona, mpaka mlangoni kwa mama yake. Esha akaja na wakwe zake wawili, matenga ya chaza viunoni.

"Tumgeuze," Esha akasema.

"Usimguse! Huyu ndiye kadhi wangu." Akawaeleza ahadi ya mzee.

Esha akapiga makofi. "Basi hongera, shoga. Mlinde hasa. Mwimbie na wimbo." Alikuwa ameshageuka aondoke, halafu akasimama, akainama ukingoni mwa gamba. "Moza. Njoo uone hapa."

Gamba lilikuwa limemeguka nyuma, pengo la ukubwa wa ngumi. Walilijua wote pengo hilo. Ndiye yule yule ambaye mayai yake Moza aliyawekea boma la miiba mwaka ule.

"Wapo wengi waliomeguka," Moza akasema.

"Wapo."

"Esha, usinifanyie hivyo."

"Mimi nimefanya nini? Nimesema njoo uone."

Kasa alivuta pumzi, nzito, kama mtu aliyebeba mzigo. Machozi yalikuwa yanamtiririka, yanaingia tope. Wajuzi wanasema ni chumvi tu inamtoka. Huenda. Moza alikaa chini akampa mgongo, lakini pumzi ile aliisikia bado.

Mwanaima akafika na muhogo wa kuchemsha ndani ya bakuli. Aliwaona, akaelewa bila kuelezwa. Alikaa juu ya tenga.

"Mama," Moza akasema, "atatimiza kweli?"

"Atatimiza. Miaka yote hii sijamsikia akisema uongo."

"Wewe ungefanyaje?"

"Usiniulize mimi. Mimi ni mama wa huyo aliyekukimbia."

Mkondoni maji yalikuwa yameanza kurudi, uzi mwembamba unaong'aa kwenye tope. Kwa mbali, juu ya ufuo, hakuna mtu bado. Moza aliinuka. Alikwenda kwenye ua upande wa bahari akaanza kufungua vifundo. Vilikuwa vyake mwenyewe, amevifunga ili visifunguke, na kucha moja ilimkatika. Wenzake walimtazama tu. Aliposhusha kipande kile cha ua kwenye tope alirudi, akaingiza mikono yake chini ya gamba.

"Shikeni basi," akasema.

Walishika. Esha, wakwe zake wawili, na bibi Mwanaima, kanga imemtoka kichwani. Walisukuma mpaka mmoja akaanguka, wakajaribu tena, na kasa akageuka kwa kishindo, tope likawaruka machoni. Hakuwashukuru. Alijiburuta kupita kwenye pengo la ua, akaingia mkondoni, na maji yakamfunika.

Mzee Salumu alirudi na watu wanne, kamba na mti wa kubebea. Alilitazama pengo.

"Nimemfungua mimi," Mwanaima akasema upesi. "Miguu yangu, mikono yangu. Nilaumu mimi."

Mzee alimpita mkewe. Alimgeukia Moza, na sauti yake ilikuwa ya upole, nadhani hata ya kuomba. "Ni kweli, mwanangu? Kama ni yeye, ahadi yangu iko pale pale."

Esha alimfinya Moza mkononi. Sema ndiyo, mtu wa milimani. Sema.

Moza alimtazama mama mkwe wake, mwanamke mzima amechafuka tope mpaka kwenye mvi, anayejua atakavyoishi ndani ya nyumba ile baada ya neno hilo.

"Hapana, baba," akasema. "Vifundo vile hakuna mwingine anayeweza kuvifungua."

Mzee alikunja kamba taratibu, akarudi nyumbani. Habari ya Kivinje haikutajwa tena.

Lakini msimu wa kasa uliofuata, Moza alipokwenda kufungua kipande kile cha ua upande wa bahari, ili kasa akiingia apate kutoka, alikuta fito mpya zimechongwa na kuegeshwa pale, nyepesi, za kutoa na kurudisha kwa mkono mmoja, kama mlango. Mzee ndiye aliyezichonga. Wando haukuvunjwa tena na kasa. Alama za kasa ufuoni zikaanza kuonekana tena. Na Moza aliendelea kushuka kila maji yalipotoka, akifunga na kufungua, mpaka mikono yake ikawa kama ya wenyeji na hakuna aliyekumbuka kumwuliza kama ameiona bahari.

Kasa yule alikuwa mzito, na wanawake watano walitosha kumgeuza. Sasa niambie wewe unayenisikiliza: neno moja la kumwambia kadhi, lililobaki kifuani mwa Mzee Salumu, lingehitaji watu wangapi kulitoa?