Kitambaa Nilichokiacha Ndani ya Mshono

Siku ya kwanza nilipotoka kutembea baada ya kupunguzwa tumbo, kabla sijafika kwenye mashine ya kusaga nilikuwa nimeshaulizwa mara tano ninakwenda wapi. Iyunga kwetu mtu mzima hatembei bure. Unatembea kwa sababu unakwenda sokoni, msibani, kanisani, au unamfuata mtu mkagombane. Mimi nilikuwa nimevaa raba nyeupe alizoninunulia mume wangu, mikono mitupu, jasho linanitoka katikati ya baridi ya Juni.

"Mama, kwema huko?" jirani mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayejiandaa kutoa pole.

"Kwema. Natembea tu."

"Unatembea tu kwenda wapi?"

Kesho yake nikabeba ndoo ndogo ya mahindi ili nionekane naenda kusaga. Nilifika mashineni, nikazunguka nyuma ya ukuta, nikarudi nayo nyumbani. Siku ya tatu hivyohivyo. Wiki nzima yale mahindi yalitembea bila kusagwa, mpaka yule kijana wa mashine akanisimamisha. "Shangazi, kama unaogopa umeme wetu ni mdogo, sema. Maana naona unakuja kuyaonyesha tu." Nikasaga kwa aibu. Na kwa kuwa sasa nilikuwa na unga, na mimi unga wenyewe siruhusiwi kuula sana, nikaona kutembea kumeanza kuniletea matatizo.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa ndani. Ni fundi cherehani, nashonea sebuleni, na wateja wananifuata hapohapo. Nikivuka geti tayari nawaza kurudi. Kuna watu wanaumwa wakifungiwa ndani. Mimi naumwa nikifunguliwa. Ndivyo nilivyonenepa, pole pole, huku mguu mmoja ukiwa kwenye pedeli ya cherehani na mwingine ukiwa umepumzika. Kwetu unene ni wa ukoo, na sukari nayo ikaingia kwenye ukoo kama shemeji asiyeaga. Nilipofika miaka arobaini na tano nilikuwa najichoma sindano asubuhi na jioni, na magoti yangu yalikuwa yananiamsha kuliko jogoo.

Ndipo nikapelekwa Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji. Walinieleza kwamba watakata sehemu kubwa ya tumbo na kuniachia kipande kama ndizi. Biolojia kidato cha nne nilipata D, lakini hilo nililielewa. Na kweli, nilipozinduka nilikuwa mtu anayeshiba kwa vijiko vitatu vya yai. Sukari ikashuka hadi daktari akaniambia niache sindano. Ile siku nililia. Mume wangu alidhani nalia kwa maumivu, akawa ananipapasa mgongo na kuniambia kitapoa, kitapoa.

Mwaka wa kwanza nilipungua mpaka nikaanza kujisahau. Nilikuwa napita dukani najiona kwenye kioo nageuka kumpisha huyo mama. Nguo zangu zote nikazipunguza mwenyewe, moja baada ya nyingine. Ila sikukata kitambaa. Nilikikunja ndani ya mshono, vidole vinne kila upande, nikapiga mstari juu yake. Mume wangu, ambaye hajui kushona hata kifungo, akaligeuza gauni moja ndani nje.

"Hiki kitambaa chote kinafanya nini humu?"

"Fundi mzuri hakati. Anaacha akiba."

"Fundi mzuri, au mtu mwenye mashaka?"

Nikamnyang'anya gauni langu. Lakini alikuwa amepatia, na nilikasirika kwa sababu hiyo.

Sasa, mtaalamu wa lishe alinipa karatasi yenye masharti. Nitembee nusu saa kila siku. Nianze na nyama au maharage. Nisinywe kitu wakati wa kula. Nitafune hadi chakula kiwe uji. Nilifuata yote. Ikawa kila nikiulizwa kuhusu chakula najibu kwa moyo safi kabisa: sijala. Na kweli nilikuwa sijala. Maana kwetu huku kula ni ugali. Kama ugali haujapita, hujala, hata kama umefanya nini kingine. Kwa hiyo kikombe cha chai ya maziwa saa mbili hakikuwa chakula. Chupa ya uji wa ulezi, iliyokaa karibu na cherehani mpaka saa saba, haikuwa chakula. Nusu parachichi lililosagwa na maziwa, kwa kuwa lingeoza, halikuwa chakula. Karanga za kumsindikiza mteja aliyechelewa kuja kuchukua sare, hizo ndiyo kabisa, maana hata sikukaa mezani.

Siku niliyomwelezea mtaalamu siku yangu nzima, aliweka kalamu chini.

"Mama, wewe huli. Wewe unakunywa ng'ombe."

Akanifafanulia kwamba kile kitumbo kidogo kinazuia ugali lakini vitu vya majimaji vinateleza tu, kama maji kwenye mtaro. Akasema niondoe ile chupa pale karibu na cherehani. Niliiondoa. Nikaiweka jikoni. Nikawa nainuka mara kumi kwa siku kuifuata, na usiombe kusikia, jioni nikamwambia mume wangu kwamba sasa nimeanza kutembea vizuri.

Ndivyo mwaka wa pili ulivyoanza. Raba zikakaa mlangoni zikavuna vumbi. Mvua ikinyesha nasema matope. Jua likitoka nasema malori ya Tunduma yananipeperushia vumbi. Pasipo mvua wala jua nasema nina nguo ya bibi harusi inanisubiri. Nikitembea siku mbili naacha wiki mbili. Na sijui kwa nini. Watu wanadhani mtu kama mimi hajui madhara. Mimi nayajua kwa majina. Nilikuwa nakaa pale kwenye kiti, najiambia inuka, inuka mama, na mguu unanisikia kabisa, ila hauinuki.

Nikaanza kufumua ile akiba. Gauni la kwanza nilisema limesinyaa kwa kufuliwa. La pili nikamsingizia mtengeneza kitambaa. La tatu nikalifumua kimya, mume wangu yupo palepale anasikiliza mpira redioni, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane hakunitania. Kunyamaza kwake kuliniuma kuliko maneno yote.

Mwezi wa nne mwaka huu daktari alitazama vipimo vyangu akasema sukari inapanda. Tukifika mwezi wa saba ikiwa hivi, narudi kwenye sindano.

Sikumwambia mtu. Na wiki hiyohiyo dada yangu akapiga simu kutoka Igowole.

Dada yangu amenizidi miaka sita na amenizidi mwili. Yeye naye ni wa sindano, naye magoti yamekwisha. Alikuwa amepigania nafasi ya kupasuliwa kama mimi, na sasa ameipata, ni wiki ijayo. Ila alikuwa na woga. Watoto wake walisema aende, mumewe alisema asiende, na yeye akasema atamsikiliza mtu mmoja tu. "Uje nikuone kwa macho yangu," aliniambia. "Ukiniambia niende, nakwenda. Ukisema nisiende, naghairi."

Usingizi ulinipaa. Nikashona gauni jipya kwa ajili ya safari, pana, la kumwagika, la kuficha. Nikapanda basi asubuhi, nikashuka Nyololo, nikapata gari la kuingia Igowole. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nikisema nenda, halafu yakamkuta yanayonikuta? Nikisema usiende, na sukari iendelee kumla miguu?

Sikujua kwamba dada alikuwa ameshanitangaza. Picha zangu mbili, ya kabla na ya mwaka jana, zilikuwa zimezunguka akina mama wote wa usharika wake. Nilipofika niliwakuta watatu wamekaa barazani wananingoja kama vile ninakuja kutoa ushuhuda.

"Kamwene!" wakaitikia salamu, kisha wakanikagua kutoka kichwani hadi miguuni. Mmoja, mama mwembamba, mchuma chai, kikapu chake kikiwa miguuni, akashindwa kujizuia.

"Huyu ndiye aliyekatwa?"

"Ndiye," dada akasema.

"Aaa. Basi kumbe ni kama chai. Ukikata, inachipua."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nami nikacheka, nifanyeje, maana utani ulikuwa mzuri na mimi ndiye niliyeuleta mwenyewe kwa basi. Dada peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama tumboni.

Asubuhi akasema tutembee, ili nimwonyeshe yale mazoezi ninayofanya kila siku. Kila siku! Nilivaa raba. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba na miti ya mbao haikuonekana zaidi ya safu ya kwanza. Tulipita nyumba ya pili, tukapita josho la zamani, na hapo dada akawa anapumua kama mtu anayepuliza moto. Kando ya njia palikuwa na gogo fupi, la chini, waliloliacha wapasua mbao. Akaliendea akaketi kabla sijamwambia kitu.

"Sindano umeacha kweli?" akaniuliza.

"Niliacha."

"Mpaka leo?"

Nikatazama raba zangu. Nyeupe bado, baada ya miaka miwili. Raba za mtu aliyetembea hazibaki hivyo.

"Mwezi wa saba narudi," nikasema. "Daktari kaniambia. Labda nipungue, na sipungui, dada. Naongezeka."

Mbali kidogo mtu alikuwa anapasua kuni.

"Kwani hutembei?"

"Ninatembea siku mbili, nakaa wiki mbili."

"Na chakula?"

"Chakula ni kidogo. Vinavyonimaliza ni vikombe."

"Si uache."

"Wewe uliambiwa uache sukari kwenye chai tangu lini?"

Akaguna, akataka kucheka, akaacha. "Nilidhani wakikata wanaondoka na hamu."

"Hata mimi. Wamechukua tumbo, hamu wameniachia."

"Sasa mbona hukunipigia? Mimi huku nawatangazia watu!"

"Nilikuwa naona aibu."

"Kwangu?"

Akavuta kitenge chake akafunika magoti, akayapigapiga taratibu, kama anawabembeleza watoto wawili waliokataa kulala.

"Umekaa muda gani bila sindano?"

"Mwaka mmoja na miezi minane."

"Bila hata moja?"

"Bila hata moja."

"Na magoti?"

"Mwaka wa kwanza nilipanda ngazi za kanisa nikiimba."

Akaanza kuhesabu kitu kwenye vidole, midomo ikicheza. Sikujua anahesabu nini, miezi au miaka yake. Kisha akakunja ngumi.

"Basi na mimi naitaka hiyo. Hata ikiwa ni hiyo tu."

"Dada, sijakwambia uende."

"Wala hujaniambia nisiende."

"Sijui nikwambie nini."

"Naona hujui." Akavuta pumzi. "Nikitoka huko, nitakaa kwako mwezi mmoja, nisiwe mbali na hospitali kubwa ya huko kwenu. Utakuwa unaniamsha tutembee?"

Hilo ndilo lililonimaliza. Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuja mpaka kwenye meno. Lakini nilijiona, saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Iyunga dirishani, na mimi chini ya blanketi namsikia dada yangu chumba cha pili akikohoa, akiningoja nimwamshe, na mimi nangoja aniamshe. Tungeweza kungojana hivyo mpaka saa mbili. Tungeamka tukanywe chai.

"Mbona hunijibu?"

"Nitajaribu," nikasema, na wote wawili tulisikia lilivyotoka.

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alisema tu kwamba baridi inamwingia kwenye nyonga, turudi nyumbani. Akaninyooshea mkono nimnyanyue. Gogo lilikuwa la chini mno; magoti yake yalikuwa juu ya kiuno. Nikaushika mkono kwa mikono yangu miwili, nikajipanga, nikavuta. Aliinuka kidogo, tukapata matumaini, kisha raba zikateleza kwenye umande na nikakaa chini puu, kwenye majani, mbele yake, naye akarudi kukaa kwenye gogo, bado nimemshika.

Tulicheka. Tulicheka kama tulivyokuwa tukicheka enzi za usichana, machozi yakatoka, dada akawa anasema nyamaza, watatusikia. Kisha kicheko kikaisha na sisi bado tuko chini. Nikajaribu kuinuka nikaanza na goti la kushoto, likakataa. Nikajaribu la kulia. Simu zote mbili tulikuwa tumeziacha nyumbani kwenye chaji. Aliyekuwa anapasua kuni alikuwa ameacha.

"Tupumzike kidogo, halafu tujaribu tena," dada alisema. Lakini mkono wake alikuwa ameshaurudisha ndani ya kitenge.