Bendera ya Yudith kwenye Kona ya Soni

Mwaka uliofuata Azimio la Arusha, mvua za masika zilibomoa barabara ya Mombo kwenda Lushoto, chini kidogo ya Soni. Pakabaki upenyo wa gari moja, tena kwenye kona kali ya kushoto ambako anayepanda hamwoni kabisa anayeshuka.

Msimamizi wa barabara aliajiri watu wawili wa kushika bendera: Hezekia upande wa juu, na upande wa chini Yudith, binti wa mkulima wa Mlalo, mrefu na mkimya. Hawakuonana, na ngurumo za mto zilimeza filimbi zao. Kwa hiyo gari la mwisho la kila msafara lilipewa kijiti chekundu. Kijiti kikifika upande wa pili, ndipo njia hufunguliwa. Siku ya kwanza Yudith alistaajabu kuona basi zima, na watu wake wote, limesimama kwa ajili ya kitambaa alichokishika yeye.

Asubuhi moja Landrova ilipanda mbio kutoka Mombo. Dereva, Darweshi, alikuwa jirani wa dada yake Yudith. Nyuma alilala dada mwenyewe, Secilia, uchungu umemkaza, ameshikwa na mama mkwe wake, Zipora.

"Mdogo wangu, nifungulie," Secilia alilia.

"Dada, kijiti hakijafika."

"Sikiliza basi!" alifoka Darweshi. "Kuna gari gani? Kimya!"

Kweli, zaidi ya ngurumo za mto hapakusikika kitu. Basi lilishashuka, pikapu nayo, na hakuna aliyeleta kijiti. Zipora akashuka, akamshika Yudith mkono.

"Mwanangu, huyu ni damu yako."

"Shikamoo mama. Najua. Ndiyo maana sifungui."

Machozi yalimtiririka mashavuni, lakini bendera nyekundu haikushuka.

Ndipo ardhi ikatetemeka. Lori la magogo kutoka Shume, lililokuwa limezimika injini katikati ya kona, lilijitokeza likikwaruza mwamba. Tela lake lilifagia upenyo wote, ukingo hadi ukingo. Dereva wake, jasho likimchuruzika, alimkabidhi Yudith kijiti.

Zipora alirudi garini mbio, na kabla Darweshi hajaliwasha, mtoto alilia.

Madereva waliopanga foleni nyuma walizima injini, mmoja baada ya mwingine. Wanaume wakavua kofia. Mlima mzima ukabaki na sauti mbili tu, ya mto na ya kile kichanga.

"Wa kike!" alisema Zipora, akimfunika kwa kanga.

Yudith alimtazama mtoto, akautazama upenyo. Kisha aliinua bendera ya kijani, na Landrova ikapanda taratibu kuelekea hospitali ya Lushoto, ambako mama na mtoto walitunzwa, wakarudi nyumbani wakiwa wazima.

Dereva wa lori hakuondoka upesi. Alisimama kando ya barabara, mikono kichwani.

"Tungekutana pale," alimwambia Yudith polepole. "Na mzigo huu, dada, nisingeweza kuusimamisha."

Yudith aliketi juu ya jiwe, bado ameikumbatia bendera.