Viti vya Kura vya Mama Nambozo

Siraj wa Mafubira alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyatoa huku akiangalia viatu vyake. Ukiingia karakana ya Maxwell pale Jinja mjini, ungemkuta nyuma kabisa, amepiga goti kando ya kabati kuukuu, msasa mkononi, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi. Maxwell alinunua, Maxwell aliuza, Maxwell alipiga soga na wateja. Siraj alitengeneza. Mteja akisifu kazi, Maxwell ndiye aliyesema asante.

Safari moja alitumwa Mbale kuchukua vitanda katika nyumba ya wamisionari iliyokuwa ikifungwa. Huko akaona meza ambayo watu walikuwa wakipigia pasi. Akaipindua. Chini yake palikuwa na chapa ya moto, jina la fundi wa mji wa Filadelfia, Marekani. Mlinzi akamweleza kwamba daktari Mmarekani aliileta kwa meli, urithi wa mababu zake, na umri wake si chini ya miaka mia mbili. Viti vyake sita daktari alimwachia mpishi wake alipoondoka. Mpishi alikwisha kuhama, na mlinzi hakujua alikokwenda.

Maxwell alipopigiwa simu alisema hataki meza isiyo na viti. Basi Siraj akainunua kwa fedha zake mwenyewe, akaipeleka nyumbani. Meza hiyo ndiyo iliyomtia wazimu. Mwezi haujaisha, akaacha kazi.

"Umepata wapi mtaji?" Maxwell aliuliza.

"Nina meza."

Maxwell alicheka hadi akashika ukuta. "Nenda, bwana. Alama ya goti lako iko pale sakafuni, inakusubiri."

Mteja alikuwepo, tena mmoja tu. Alikuwa mama mmoja wa kabila la Wasoga, Nakato, aliyeishi Marekani miaka mingi na sasa alikuwa akifungua nyumba ya wageni karibu na Mto Nile. Alikuja Mafubira, akaizunguka ile meza, akaipitisha kiganja.

"Bwana Siraj, hii ni yenyewe. Lakini wageni wangu hawatakula wamesimama. Tafuta viti vya aina yake. Jumamosi nikikuta huna, nachukua seti mpya ya Maxwell, ile ya kutoka Dubai."

Akaondoka. Rashida, mkewe Siraj, alikuwa amesikia yote kutoka jikoni.

"Na asipoichukua?"

"Nitarudi kwa Maxwell."

"Kupiga goti?"

Kodi ya chumba cha duka alichokuwa amekipania kando ya barabara ilikuwa inangoja meza hiyo, na yeye pia alikuwa anaingoja.

Siku chache kabla ya Jumamosi alipita kwa Maxwell kuchukua randa yake aliyokuwa ameisahau. Akamkuta Maxwell anaongea kwenye simu, sauti ameifungulia karakana nzima isikie. Aliyepiga alikuwa mwanamke, kwa sauti mtu mzima.

"Bwana, mimi iko Mbale, huku Namatala. Waliniambia wewe nanunua vitu ya zamani. Mimi iko na viti ya kura."

Maxwell akawakonyeza mafundi. Alikuwa mtoto wa kambi ya askari, Kiswahili chake kimenyooka kama gwaride. "Viti vya kura, mama? Uchaguzi umeshapita. Warudishie wenyewe, au mpe yule mgombea aliyeshindwa akalie."

"Hapana, ni mbao. Ni ya kura, mezani."

"Mimi sinunui siasa, mama," akasema, akakata. Karakana ikaangua kicheko.

Siraj hakucheka. Mama yake mzazi, Mungu amrehemu, hakupata hata siku moja kumwita aje kula. Alimwita aje *kura*, na watoto wote walikuja mbio, wakanawa, wakakaa. Kwa mama yake wali ulikuwa wa kura na nyama ilikuwa ya kura, na hakuna aliyewahi kutafuta sanduku la kupigia.

"Maxwell," alisema, akiangalia viatu, "nipe namba ya huyo mama."

"Unagombea?"

"Labda."

Maxwell akamsomea namba huku akifuta machozi ya kicheko.

Kesho yake Siraj alikuwa Namatala. Simu ya mama haikupatikana, ila pesa za simu zilionyesha jina la mwenye namba, Nambozo; akaliulizia mpaka akafika kwenye mlango wa mabati, akabisha, akasema kwa Kiswahili chake cha adabu, "Hodi hapa. Nimetoka Jinja, nimekuja kuangalia mali."

Ndani vyombo vikagongana.

"Afande, hapa hatupiki pombe," sauti ikasema. "Kiswahili ya namna hiyo ni ya polisi. Nenda kwa jirani."

"Mimi si afande, mama."

"Afande wote nasema hivyo."

Siraj akasimama. Siku nyingine angegeuka na kwenda zake, na njiani angejiambia kwamba alijaribu. Lakini Jumamosi ilikuwa karibu. Akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango, akasema kwa sauti iliyomshtua yeye mwenyewe:

"Mama Nambozo, nimekuja kwa sababu ya viti ya kura. Ya kura, mezani. Ile ya daktari."

Halafu mlango ukafunguka, na mwanamke mzee akamtazama kuanzia kofia hadi miguu.

"Wewe ni mtoto wa nani, unayesema vizuri hivi?"

Viti vilikuwa chumbani, vimefunikwa shuka, vyote sita. Migongo yake ilikuwa vijiti vyembamba vilivyokerezwa, vimesimama kama mbavu. Kikalio ubao mmoja mnene uliochongwa kufuata umbo la mtu. Miguu imepenya ubao na kukazwa kwa kabari, bila msumari hata mmoja. Siraj akapindua cha kwanza. Chapa ya moto ilikuwa ileile.

"Mimi nilipikia daktari, akaniachia. Jirani alitaka kuni," Nambozo alisema. "Yule wa Jinja akanicheka. Wewe natoa ngapi?"

Angeweza kutaja chochote, naye angekubali. "Mama, hivi ni vya thamani kuliko unavyodhani," Siraj alisema. "Nitakuachia nilicho nacho leo. Nikiviuza, faida ya viti tunagawana katikati."

"Na ukikimbia?"

"Mafubira, uliza Siraj wa mbao. Watakuonyesha."

Jumamosi Nakato alikuta meza imewekwa uani, imezungukwa na viti vyake sita. Siraj hakuwa amevipaka vanishi. Alivifuta tu kwa kitambaa, akakaza kabari mbili. Maxwell naye alikuwepo, amekuja kumchukua mteja ampeleke kwenye seti ya Dubai. Alisimama getini, akavihesabu viti.

Nakato alivuta kiti kimoja, akakaa, akaegemea polepole.

"Kule nilifanya kazi kwa vikongwe matajiri," alisema. "Walikuwa na viti kama hivi. Nilivipangusa vumbi miaka yote, wala sikuruhusiwa kuvikalia." Akaweka mguu juu ya mguu. "Nani ataniambia niondoke hapa?"

"Hakuna, mama," alisema Siraj.

"Basi taja bei."

Maxwell akasogea haraka. "Dada, mimi na Siraj tunafanya kazi pamoja, bei tuzungumze..."

"Hapana," Siraj alisema. "Ni vyangu na mama mmoja wa Mbale."

Akainua uso, akamtazama Nakato machoni, akataja bei mara moja tu. Nakato alitikisa kichwa kukubali, bado amekaa.

Wiki iliyofuata Siraj alikwenda Namatala na fungu la Nambozo, akalishwa hadi akashindwa kuinuka. Aliporudi alilipa kodi ya kile chumba cha barabarani, akaweka meza ya kufanyia kazi mbele kabisa, penye mwanga, akawa anafanya kazi amesimama.

Asubuhi ya kwanza akaingia mwanamume mwenye suti, akaangaza huku na huku juu ya kichwa cha Siraj.

"Mwenye duka yuko wapi?"

"Unaongea naye," alisema Siraj, akamvutia kiti.