Wivu Wangu kwa Binti wa Bangwe

Sogeza kigoda, mwanangu, na hiyo simu iweke kando kidogo. Nilikuona jana uwanjani ukimtazama yule binti mwenzako akirusha teke, na uso wako ukabadilika. Ule uso naujua, niliwahi kuuvaa. Ngoja nikueleze siku moja ambayo bado naikumbuka mpaka harufu yake, na harufu yenyewe ni ya dagaa.

Nilikuwa binti wa Mwandiga, ndiyo kwanza nimemaliza shule. Asubuhi nilibeba dumu la mawese kichwani hadi sokoni kwa ajili ya mama, na nikishauza nateremka ziwani, Bangwe, kujifunza kungfu. Usishangae. Wasichana tulikuwa wachache, tena tulivaa suruali chini ya khanga ili njiani tusisemwe, lakini tulikuwepo. Mwalimu wetu aliitwa Bilali. Ujanani alifanya kazi na mafundi wa Kichina kule walikojenga reli, na mmoja wao alimfundisha kila alichokijua.

Uwanja wetu ulikuwa mchanga ule ule wa kuanikia dagaa. Wewe umezaliwa hapa, unajua kwamba mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hawaendi ziwani, kwa sababu dagaa hawafuati taa. Basi siku hizo mchanga wote ulikuwa wetu. Mwezi ukipungua, akina mama walianika dagaa wao kila mahali, nasi tukabanwa kwenye kipande chembamba karibu na maji.

Zoezi nililolipenda ni la kusukumana mikono. Watu wawili wanasimama wakitazamana, wamegusanisha mikono, na kila mmoja anatafuta nguvu ya mwenzake ilipo. Anayenyanyua mguu ameshindwa. Hakuna kupigana. Mimi nilikuwa sing'oki. Wavulana walinisukuma mpaka wakatoka jasho, na mimi nimesimama tu. Lakini Mwalimu Bilali hakusema kitu. Alikuwa mchoyo wa maneno. Mtu akifanya vizuri sana alisema "naam", basi, na hiyo "naam" tuliiota hata usingizini.

Ndipo akaja Sauda.

Sauda alikuwa mdogo kwangu. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo zamani wakakaa hapo Bangwe, na yeye alikulia ndani ya mtumbwi wa baba yake. Siku ya kwanza tu ukimsukuma, anapotea mkononi mwako kama maji, halafu unajikuta wewe ndiye unayeyumba. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akasema, "Naam."

Siku ya kwanza, mwanangu! Mimi nilikuwa nimevumilia msimu mzima wa mvua.

Tangu hapo sikumwona mtu mwingine uwanjani. Nilihesabu makosa yake, na yalipokosekana nikachukia zaidi. Nilichukia alivyofunga kitambaa kichwani. Nilichukia hata heshima yake, maana aliniita "Yaya", ndivyo wanavyomwita dada mkubwa kwao, na mimi nikajiambia ananizeesha. Wivu ni kazi ya kutwa, haukupi hata nafasi ya kula vizuri. Mama aliniuliza kama naumwa malaria.

Kisha Mwalimu akatuambia kwamba vikundi vya kungfu vitakutana Dar es Salaam, na sisi tumepewa nafasi ya mtu mmoja, msichana. Atasafiri kwa treni. Mwalimu angemchagua mwezi ukishapungua.

Mimi nilikuwa sijafika hata Tabora. Niliitaka safari ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, na kila mtu alijua mshindani wangu ni nani. Basi nikaamua nitakuwa kama yeye. Nikamkodolea macho. Nikaanza kuyumba kama yeye, kulegeza kiuno kama yeye, hata kutembea kama yeye. Nikiwa njiani na dumu langu la mawese nilijinyonganyonga mpaka watu wa Mwandiga wakaniuliza kama nimeumia mguu.

Siku ya kuchaguliwa ikafika. Dagaa walikuwa wameanikwa mpaka karibu na miguu yetu. Nikasimama na Sauda, tukagusanisha mikono. Akanisukuma kidogo tu. Mimi, badala ya kusimama nilivyozoea, nikalegeza kiuno kama nilivyomwona yeye akifanya. Kiuno kikaenda huku, miguu ikaenda kule, na mimi nikaenda nyuma nikakaa katikati ya dagaa wa watu.

"We binti!" mwenye dagaa akapiga kelele. "Hao wanapimwa kwa kisado, hawapimwi kwa makalio!"

Pwani nzima ikacheka. Sauda hakucheka. Alininyooshea mkono, na hilo liliniuma kuliko kicheko. Sikuupokea.

Mwalimu Bilali alingoja wenzangu waondoke. Nilikuwa nimeinama, nawakusanya dagaa wa yule mama huku machozi yakinidondoka.

"Leo hukuja," akaniambia.

"Mwalimu, si niko hapa?"

"Nimemwona Sauda. Nimemwona na Sauda mwingine, wa kuigiza, ameanguka. Yule binti wa Mwandiga asiyeng'oka sijamwona."

Hapo maneno yakanitoka. "Huyo binti wa Mwandiga hujawahi kumwambia 'naam' hata mara moja! Sauda umemwambia siku ya kwanza!"

Akachuchumaa, naye akaanza kuokota dagaa.

"Kumbe ndiyo hiyo," akasema. "Wewe ulikuja hapa tayari unajua kusimama. Hilo dumu lilikufundisha kabla yangu. Ningekusifu kwa kazi ya mama yako? Na Sauda anayumba vile kwa sababu ya mtumbwi wa baba yake, siyo kwa sababu yangu; ile 'naam' ilinitoka kwa mshangao tu. Umemkodolea macho siku zote hizi, umewahi kumuuliza swali hata moja?"

Sikuwa nimemuuliza.

"Basi kamuulize. Safari anakwenda yeye, hilo limekwisha. Lakini kamuulize."

Nilikaa siku kadhaa bila kwenda, kiburi kilinizuia. Asubuhi nilipokwenda, dumu la mawese likiwa bado kichwani, nilimkuta Sauda anakomba maji mtumbwini. Nikasema haraka, kabla sijabadili nia, "Nifundishe unavyofanya."

Akanitazama kama mtu aliyengoja muda mrefu. "Yaya, vua viatu uingie. Usitazame miguu. Itazame milima ya Kongo, ile kule. Mtumbwi ukiinama, legeza goti, usilegeze kiuno."

Nikasimama. Nikaanguka ziwani. Safari hii alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikacheka nikiwa ndani ya maji. Tulirudia mpaka jua likawa kali. Tulipomaliza akasema kwa aibu, "Sasa na mimi nipe hilo dumu. Ukisimama, shingo yako natamani ingekuwa yangu." Akalibeba hatua chache, shingo ikamtetemeka, mawese yakamwagika begani. Nilifurahi, mwanangu. Usinicheke, nilifurahi kweli.

Sitakudanganya kwamba wivu uliisha. Siku ya safari nilimbebea begi kichwani hadi stesheni, na treni ilipoanza kwenda sikuweza hata kupunga mkono vizuri. Aliporudi alikuja moja kwa moja Mwandiga, na nikayaonea wivu hata mavumbi ya viatu vyake, kwa kuwa yalikuwa ya Dar. Hakuleta ushindi. Akaniambia, "Walinisukuma, Yaya, wasichana wana nguvu kule. Kuna mmoja nilishindwa kumkwepa, nikafikiria dumu lako, nikasimama. Hakuning'oa."

Basi kuna kipande changu kilichofika Dar es Salaam bila mimi. Bado napenda kulikumbuka hilo. Ile "naam" Mwalimu Bilali hakunipa mpaka anafariki, na nikisema siitaki nitakuwa mwongo.

Ninachokuomba ni hiki, mwanangu. Usijilaumu kwa kuona wivu, unakuja wenyewe. Lakini usimtazame mwenzako kwa mbali mpaka ukasahau kusimama kwako. Mungu akupe miguu imara, akupe na mwenzi wa mazoezi anayekuzidi, kwa sababu wa namna hiyo ndiye atakayekukuza. Kesho ukifika uwanjani, kabla hamjaanza, mfuate yule binti, msalimie kwa jina lake, umwambie, "Nifundishe lile teke."