Sentimita Tisa na Nusu

Ofisini walimwita Mama Antena, na jina lilimkaa. Kwa miaka ishirini na miwili alitunza mtambo mmoja tu: antena juu ya nguzo ya zege, kule mtaa wa mteremkoni, ikipokea mawimbi ya setilaiti ili ijulikane kama ardhi inashuka au imetulia. Alifuta vumbi, akafukuza nyigu, akapima urefu wa antena na kuuandika daftarini, maana hesabu zote ziliutegemea. Mdogo wake alipotaka kujenga mtaa huo, alimuuliza yeye kwanza. "Jenga, mdogo wangu," alimjibu kwa maringo. "Pametulia. Mimi ndiye ninayepima."

Mtu makini kwelikweli, isipokuwa siku moja. Na siku hiyo ndiyo iliyomkosesha raha wiki nzima, maana ofisi ilikuwa inakokotoa upya data zote za zamani kwa njia moja. Zamani kila mwaka ulikuwa na hesabu zake. Ukiunganisha, vurugu tupu. Humo kosa lake lilijificha raha mustarehe. Sasa vurugu imefagiliwa.

Mhandisi, kijana mpole, akamwita kwenye kompyuta. Mstari ulikuwa ukienda vizuri, halafu, siku moja tu, ukaruka juu.

"Mama, ardhi hairuki hivi. Tarehe hii mlifunga antena mpya, lakini daftari linasema urefu uleule."

Angesema hakumbuki, basi, yameisha. Miezi minane tu astaafu, jamani!

"Sikupima," alisema. "Mama yangu alikuwa hospitali, nikanakili urefu wa antena ya zamani. Baadaye nikapima, nikaona tofauti, nikaogopa. Nikaacha hivyohivyo."

"Tofauti kiasi gani?"

"Sentimita tisa na nusu." Namba hiyo alikuwa nayo kichwani miaka kumi.

Alingoja kufokewa. Kijana akaiingiza namba, na ule mruko ukatoweka. Mama Antena akashusha pumzi, lakini mapema mno. Bila ule mruko kuubeba, mstari wote uliinama: ulishuka mwaka hadi mwaka, na miezi ya mwisho ulishuka kwa kasi.

"Mungu wangu," alisema kijana. "Na tumewaambia watu pametulia." Akanyakua simu ya mezani kumtafuta mkurugenzi.

Mama Antena alitoka hadi kwenye korido. Akatoa simu, akapiga. Mdogo wake akapokea kwa kicheko.

"Dada! Nilikuwa nakuwaza. Yule fundi seremala kanipiga changa la macho, aisee. Tangu juzi mlango wa chumbani haufungi, na leo wa jikoni nao umegoma."

Mama Antena akamkatiza.

"Fundi hana kosa," alisema. "Chukua watoto, mtoke. Usibebe kitu, mdogo wangu. Toka tu."